Umeitwa mchujo wa Ajira Portal na hesabu zako ni F? Jiandae hivi

Kila Sekretarieti ya Ajira (wanaoendesha Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini) wakitoa tangazo la kuitwa kwenye usaili maswali yanakuwa yale yale: nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hesabu niliachana nazo form four, nitatoboa kweli? Nianzie wapi na nimebakiza wiki mbili? Nikariri kanuni gani? Nimeona nikusanye majibu yote hapa ili mtu akiuliza tena apewe hii aanze kazi.

Kitu cha kwanza ujue, hesabu zinazokuja kwenye mitihani ya mchujo ya utumishi wa umma mara nyingi sio kalkulasi wala logi. Ni asilimia, uwiano, wastani, mwendo, mfuatano wa namba na kusoma majedwali, yaani vitu vya darasa la tano mpaka form two. Wengi wanaoanguka wanakuwa wamesoma swali haraka haraka au muda umewaishia, na hayo mawili yanarekebishika hata kama cheti chako cha form four kina F ya Basic Math.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tangazo lenyewe la kuitwa usaili, lipakue, usitegemee picha iliyokatwa ya grupu la WhatsApp.
- Kaunta buku moja na penseli.
- Vitabu vya Hisabati vya darasa la 5, 6 na 7. Kama huna, Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada unasoma bure kwenye simu. Najua mtu mwenye digrii anaona aibu kufungua kitabu cha darasa la sita, ila usipokifungua utahangaika na vitini vya watu wengine ambavyo vimejaa makosa.
- Saa, au simu yako yenyewe ikiwa imezimwa data.
- Saa moja na nusu kila siku. Ukipata asubuhi ni bora zaidi.

Kalkuleta iweke mbali kuanzia leo. Jiandae kama vile hairuhusiwi, ikiruhusiwa itakuwa faida juu.

Hatua ya 1: Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho

Usaili unaenda kwa ngazi: mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa baadhi ya kada (madereva, waandishi waendesha ofisi na wengine), halafu mahojiano. Angalia kada yako imepangiwa nini, tarehe gani, kituo gani. Siku hizi kuna mchujo unaofanyika kwa kompyuta kwenye vituo vya mikoani, kwa hiyo kama hujawahi kufanya mtihani kwenye kompyuta nenda hata intaneti kafe ujizoeze kusoma swali kwenye skrini huku unakokotoa kwenye karatasi, ni tofauti kabisa na pepa la kawaida na inakula muda kama hujazoea.

Ingia pia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani. Matangazo huwa yanasema wazi kwamba namba hazitolewi siku ya usaili, ila kila mara kuna watu wanafika pale hawana.

Kingine, kada na mwajiri ndio vinaamua pepa litakaaje. Kuna mapepa yenye maswali ya taaluma tupu na kuna yanayochanganya taaluma, mantiki, lugha na hesabu. Tafuta waliofanya kada yako hiyo hiyo waulize mtindo wa maswali.

Hatua ya 2: Jipime kabla hujasoma chochote

Chukua maswali 20 mchanganyiko kutoka kwenye mazoezi ya vile vitabu, weka dakika 30, fanya. Halafu gawa maswali mafungu matatu: niliyoweza, niliyoweza ila polepole, niliyokwama kabisa. Anza na hilo fungu la katikati. Wengi wanakimbilia yale waliyokwama kabisa, wanakaa siku nne kwenye mada moja ngumu inayoleta swali moja, na yale ambayo wangeweza kuyapata kwa kuongeza kasi kidogo wanayapoteza.

Hatua ya 3: Rudisha tebo

Hii haina njia ya mkato. Tebo ya 2 mpaka 12 iwe inatoka bila kufikiri. Ongeza na hizi kwenye kadi ndogo ndogo utembee nazo kwenye daladala: nusu ni 50%, robo ni 25%, moja ya nane ni 12.5%, moja ya tano ni 20%, moja ya tatu ni 33.3%. Na vipeo vya pili mpaka 15, yaani 11 mara 11 ni 121, 12 mara 12 ni 144, 13 ni 169, 14 ni 196, 15 ni 225. Wiki ya kwanza hata usipofanya kingine fanya hii, maana kila swali linalofuata hapa chini linasimama juu yake.

Hatua ya 4: Asilimia, kaa hapa muda mrefu kuliko kote

Asilimia zinatokea kila mahali, kwenye bei, mishahara, majedwali, hata kwenye maswali ya taaluma ya wahasibu na maafisa manunuzi. Njia ya mtu asiye na hesabu ni kuanzia na 10%.

Mfano, 35% ya 640,000. Toa sifuri moja upate 10% ambayo ni 64,000. Mara tatu ni 192,000, hiyo ni 30%. Nusu ya 64,000 ni 32,000, hiyo ni 5%. Jumlisha, 224,000. Hakuna kanuni, hakuna kalkuleta.

Sasa angalia mitego mitatu ambayo watunga maswali wanaipenda.

Mtego wa kwanza, kupanda na kushuka. Bidhaa ya 100,000 imepanda 20% halafu ikashuka 20%. Wengi wanajibu imerudi 100,000. Sio, imepanda ikawa 120,000, halafu 20% ya 120,000 ni 24,000, imebaki 96,000. Kila asilimia jiulize ni asilimia ya nini.

Mtego wa pili, bei yenye VAT ndani. Bei ni 118,000 pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18%, VAT ni shilingi ngapi? Ukichukua 18% ya 118,000 unapata 21,240, na hilo jibu utalikuta kwenye machaguo linakusubiri. Ukweli ni kwamba 118,000 ni sawa na 118%, kwa hiyo 1% ni 1,000, VAT ni 18,000.

Mtego wa tatu, ongezeko. Kutoka 400 kwenda 500 ni ongezeko la 25%, ila kutoka 500 kwenda 400 ni pungufu la 20%. Tofauti ni ile ile 100, lakini unagawanya kwa namba ya mwanzo siku zote.

Fanya maswali 15 ya asilimia kila siku kwa siku tano mfululizo. Ukichoka fanya 10. Usiruke siku.

Hatua ya 5: MAGAZIJUTO, ila uielewe vizuri

Wote tulifundishwa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Shida ni kwamba wengi wanaichukua kama foleni, kwamba lazima ujumlishe kabla ya kutoa. Angalia hii: 20 − 6 + 4. Anayejumlisha kwanza anapata 20 − 10 = 10, amekosa. Kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, unaanza kushoto kwenda kulia: 20 − 6 ni 14, jumlisha 4 ni 18. Kugawanya na kuzidisha hivyo hivyo, 24 ÷ 4 × 3 ni 18, sio 2. Hili swali ni la sekunde kumi na watu wazima wenye digrii wanalikosa kila mwaka, usiwe mmoja wao.

Hatua ya 6: Uwiano, wastani, kazi na mwendo

Hizi nne zisome pamoja kwa sababu zote zinatatuliwa kwa kutafuta kimoja kwanza.

Uwiano: gawa 720,000 kwa uwiano wa 2:3:4. Jumla ya mafungu ni 9, fungu moja ni 80,000. Basi, 160,000, 240,000 na 320,000. Hakikisha ukijumlisha zinarudi 720,000.

Wastani: ukiona neno wastani rudisha jumla mara moja. Wastani wa matumizi ya miezi 5 ni 40,000, baada ya mwezi wa sita wastani umekuwa 42,000, mwezi wa sita alitumia ngapi? Jumla ya mwanzo 200,000, jumla mpya 6 mara 42,000 ni 252,000, tofauti ni 52,000.

Kazi: watu 6 wanamaliza kwa siku 10, watu 4 je? Kazi nzima ni siku 60 za mtu mmoja, gawa kwa 4, siku 15. Watu wakipungua siku lazima ziongezeke, kama jibu lako limepungua umegeuza.

Mabomba yanayojaza tenki yanawatisha watu kwa sababu ya sehemu. Bomba la kwanza linajaza kwa masaa 6, la pili kwa masaa 3, yakifunguliwa pamoja? Usihangaike na sehemu, chukua namba inayogawanyika kwa zote mbili, hapa 6. Ndani ya masaa 6 la kwanza linajaza tenki 1, la pili tenki 2, jumla tenki 3 kwa masaa 6, kwa hiyo tenki moja ni masaa 2.

Mwendo: umeenda kilomita 180 kwa mwendo wa 60 kwa saa, ukarudi kwa 90. Wastani wa mwendo sio 75. Kwenda masaa 3, kurudi masaa 2, jumla kilomita 360 kwa masaa 5, ni 72. Wastani wa mwendo ni umbali wote gawanya kwa muda wote, iandike hiyo sentensi kwenye jalada la kaunta buku.

Hatua ya 7: Mfuatano wa namba

Fuata utaratibu huu bila kubadilisha. Kwanza andika tofauti kati ya namba na namba: 2, 6, 12, 20, 30, tofauti ni 4, 6, 8, 10, inayofuata ni 12, jibu 42. Kama zinapanda kwa kasi jaribu kuzidisha: 3, 7, 15, 31, kila moja ni mara mbili ongeza moja, jibu 63. Kama zinapanda na kushuka soma kwa kuruka moja moja: 4, 20, 7, 18, 10, 16, hapo kuna mistari miwili, 4, 7, 10 na 20, 18, 16, jibu 13. Umejaribu zote tatu hazijakubali? Acha nenda mbele. Mfuatano ndio unaoongoza kwa kula muda wa watu, mtu anajisikia yuko karibu kupata na dakika tano zimekwisha.

Hatua ya 8: Majedwali na grafu

Hapa mtu wa arts unaweza kupata alama zote kwa sababu kazi kubwa ni kusoma. Soma kichwa cha jedwali, soma kipimo (kama kimeandikwa kwa maelfu au kwa asilimia), soma tanbihi chini, ndio uende kwenye swali. Usisome namba zote. Swali likuonyeshe namba unayoitaka, kisha uifuate.

Na tumia kukadiria. 4,985 × 21, machaguo ni 94,685, 104,685, 114,685 na 124,685. Chukua 5,000 mara 21, ni 105,000, jibu ni la pili, hakuna haja ya kuzidisha. Machaguo yakiwa yanakaribiana sana angalia tarakimu ya mwisho: 347 × 6 lazima iishie na 2 kwa sababu 7 mara 6 ni 42.

Hatua ya 9: Usitelekeze sehemu zako za nguvu

Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Mtu mwenye hofu ya hesabu anatumia mwezi mzima kwenye hesabu, halafu anaangushwa na maswali ya mantiki na maarifa ya jumla ambayo angeyapata. Nusu ya muda wako iende huku.

Mantiki: watumishi wote wa idara ya kwanza wana vitambulisho, Neema ana kitambulisho, je Neema ni wa idara ya kwanza? Haijulikani, anaweza kuwa wa idara nyingine. Ukikutana na maneno kama wote, baadhi, hakuna, chora miduara. Maswali ya nani kakaa karibu na nani chora mstari, usifanye kichwani. Na jibu kwa kilichoandikwa tu, sio unachokijua wewe mtaani.

Maarifa: pitia Sheria ya Utumishi wa Umma Sura ya 298, maadili ya utumishi wa umma, kazi za mwajiri aliyekuita (tovuti yake ina kila kitu), muundo wa serikali kuu na serikali za mitaa, mikoa 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, Katiba ya 1977, Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, na PEPMIS iliyochukua nafasi ya OPRAS kwenye kupima utendaji kazi wa watumishi.

Lugha: pepa likija kwa Kiingereza maneno ya hesabu yanaweza kukuangusha hata kama hesabu unaijua. Tenga kurasa mbili za kaunta buku, andika ratio, average, discount, per annum, remainder, at least, at most, na maana yake kwa Kiswahili. Hayo mawili ya mwisho yasome kwa makini, moja ni kuanzia hapo kwenda juu na lingine halizidi hapo.

Hatua ya 10: Majaribio kwa saa

Siku saba za mwisho usisome mada mpya. Fanya majaribio, mfano maswali 50 kwa dakika 60, sehemu tulivu, simu mbali. Pita mara tatu: mzunguko wa kwanza jibu yale ya papo kwa papo, wa pili yale ya kukokotoa, wa tatu yale uliyoweka alama. Swali likizidi dakika moja na nusu lipe alama liache. Kama ni kwenye kompyuta soma maelekezo kwanza uone kama mfumo unaruhusu kurudi nyuma, kama hauruhusu huu mpango unabadilika, inabidi uamue palepale.

Na ujizoeze kurudisha majibu. Mama ana umri mara 3 ya mtoto, baada ya miaka 12 atakuwa mara 2, mtoto ana miaka mingapi? Machaguo 8, 10, 12, 16. Jaribu 10: mama 30, baada ya miaka 12 ni 22 na 42, haijafika mara mbili. Jaribu 12: mama 36, baadae 24 na 48, imekubali. Umemaliza bila kuandika x hata moja.

Hatua ya 11: Siku yenyewe

Vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, form four, form six au stashahada mpaka digrii kulingana na sifa zako. Testimonial, provisional result na statement of results huwa hazikubaliwi. Kitambulisho kama cha NIDA, cha mpiga kura, pasipoti au leseni. Usafiri, chakula na malazi unajigharamia mwenyewe, kwa hiyo kama kituo kiko mkoa mwingine fika siku moja kabla. Usiku huo soma zile kurasa mbili za maneno tu, ulale.

Makosa yanayorudiwa sana

Kununua "pepa la uhakika" kwa mtu wa Telegram. Huo ni utapeli na hela yako haitarudi, na anayekuambia ana mtu ndani anataka hela tu.

Kusoma kwa kuangalia mtu mwingine anavyokokotoa kwenye video. Unaona umeelewa, ukipewa kalamu huwezi. Simamisha video kabla hajajibu, fanya mwenyewe, halafu uendelee.

Kuacha maswali wazi. Kama maelekezo hayasemi kwamba jibu la kosa linakatwa alama, jaza yote, baada ya kufuta machaguo mawili yasiyowezekana.

Ukikwama

Nimebakiza siku tano tu. Fanya hatua ya 1, tebo kidogo, asilimia, majedwali na hatua ya 9. Mabomba na mfuatano mgumu acha.

Nafanya vizuri nyumbani nikiwekewa saa napotea. Anza na maswali matano kwa dakika kumi, yakikaa sawa punguza iwe nane, halafu sita. Saa ipunguzwe taratibu, usijitupe kwenye maswali 50 siku ya kwanza.

Nakosa maswali ninayoyajua. Hapo shida iko kwenye kusoma. Kabla hujakokotoa pigia mstari kile kinachoulizwa, kwa sababu mara nyingi swali linataka kilichobaki na wewe unatoa kilichotumika.

Jina langu la NIDA na la cheti yanatofautiana. Hiyo shughulikia leo, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na haitengenezwi usiku wa kuamkia usaili.

Nimefanya na sijapita. Akaunti yako bado ipo, unaomba nafasi nyingine zikitoka. Ila siku ile ile ukitoka ukumbini, kabla hujapanda gari, andika kwenye kaunta buku ni aina gani za maswali zilikushinda na wapi muda uliisha, kesho yake utakuwa umesahau nusu, na hapo ndipo utaanzia hatua ya 2 safari ijayo.